Watu Wazima Walioitwa Boi

Naikumbuka siku moja ya mazishi kule Chwele, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso wangu huwaka kana kwamba wale watu bado wananitazama. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, msichana wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na usomi ulikuwa umenilevya.

Aliyekufa alikuwa Babu Masinde, mdogo wa babu yangu. Enzi za Mzungu alikamua ng'ombe katika shamba moja karibu na Endebess. Ghala la shamba hilo liliposhika moto, aliingia ndani akamtoa mtoto wa tajiri wake, na mkono wake ukaungua hadi vidole vikashikana. Gazeti la Wazungu liliandika habari hiyo. Kipande chake, chenye picha ya mtoto huyo, kilikaa kwenye fremu, ukutani sebuleni kwake, kimegeuka rangi ya chai. Sisi watoto tulikitazama tu bila kukisoma. Tuliamini kimejaa sifa zake.

Mjane wake, Kukhu Nasimiyu (kukhu ndiyo bibi kwetu Bungoma), alinishika mkono siku chache kabla ya maziko. "Wewe ndiye umesoma," akasema. "Utusomee ile karatasi. Watu wasikie babu yako aliandikwa."

Nilipoisoma, jina lake halikuwamo. Waliandika jina la tajiri, jina la mtoto, hata la mbwa aliyebweka. Yeye walimwita "boi wa ng'ombe", wakasema boi huyo alipewa blanketi. Boi, yaani mvulana! Na wakati ule alikuwa baba wa watoto wanne.

Nikapandwa na hasira. Nikarudi Kitale, tulikoishi na wazazi wangu, nikaenda kwenye maktaba iliyokuwa na magazeti makuukuu, nikafunua kurasa mchana kutwa. Neno lile lilikuwa limeota kila mahali, kama magugu kwenye mahindi. Boi ameumwa na nyoka. Boi ameanguka kutoka kwenye trekta. Anatakiwa boi wa jikoni, mwenye mke asiye na kelele. Boi mzee amefariki baada ya kumtumikia bwana wake tangu ujana. Hata mvi, mwanangu, hazikumtoa mtu utotoni.

Siku ya mazishi sikumuuliza yeyote. Nilishika maikrofoni nikayamwaga yote. "Babu yetu hakusifiwa," nikasema. "Aliitwa boi, kama mtoto. Jina lake halimo. Miaka yote hii tumetundika tusi ukutani!"

Nilitarajia makofi. Badala yake, Kukhu alijifunika uso kwa leso. Nikasikia shangazi mmoja akinong'ona nyuma yangu, "Si angetuambia kwanza nyumbani, ati?" Wahenga hawakukosea: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Tulipomaliza kuzika, Kukhu aliniita jikoni.

"Hilo jina babu yako alilijua," akaniambia polepole. "Aliliitikia kila asubuhi, ila mimi sikujua kwamba gazeti nalo liliandika hivyo. Ile karatasi aliiweka kwa ajili ya picha ya yule mtoto. Alipenda kuona kwamba alipona. Lakini hakutaka watoto wake wajue aliitwa hivyo."

"Nisamehe, Kukhu. Niliwakasirikia wale Wazungu."

"Kasirika, ni haki yako. Lakini yule mtu anayewakamulia ng'ombe huko kwenu Kitale, mliyekuja naye, anaitwa nani?"

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeita mbele ya wageni, "Mwambieni shambaboi alete maji!" Mtu mwenyewe alikuwa na mabinti walioolewa. Alifika kwetu nikiwa bado shule ya msingi, akanibebea sanduku kila nilipokwenda shule ya bweni, na mimi sikujua jina lake. Nyani haoni kundule. Niliona heri ardhi ipasuke nitumbukie.

"Nenda kamuulize," Kukhu akasema.

Nilimkuta akiosha sufuria nyuma ya nyumba. Nilipomuuliza jina aliinuka upesi, akafuta mikono kwenye suruali, akanitazama kwa hofu.

"Mimi ni Barasa," akasema. "Kwani nimekosa nini?"

Maishani mwangu nimeulizwa maswali magumu na maprofesa, lakini hakuna lililonivunja kama hilo. Kuulizwa jina tu, mtu akadhani anafukuzwa kazi!

Sasa nasikia na wewe umeanza kuandika magazetini. Vizuri. Lakini neno hilo halikufa na wale Wazungu, mwanangu. Nalisoma hadi leo kwenye simu zenu: "Anatafutwa shambaboi mwenye nguvu." Kwa hiyo kabla hujamcheka mwandishi wa zamani, sikiliza unavyowaita watu nyumbani kwako. Ukienda kuandika habari ya mtu, muulize jina, uliandike lote, hata kama hana viatu. Na ukiokota ukweli mchungu, upeleke kwanza kwa mwenye msiba, umkalie karibu, ndipo umuulize kama anataka usemwe hadharani. Ukweli ni wako kuutafuta, lakini kidonda ni cha mwenyewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde ulimi na mkono unaoandika, akupe kuheshimiwa na wale ambao hakuna mwingine aliyewauliza majina yao. Amina.