Shoga Yangu Anarudi Kujifunza Ile Dali

Admin, nakuomba ufiche jina langu na mtaa wangu. Majina ya humu nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka sabini na nane, mwalimu mstaafu wa upishi na lishe, ninaishi Kilwa kwa mwanangu wa kiume. Moyo wangu umechoka, na daktari hakunificha. Chakula changu hakitiwi chumvi na kuoga naogeshwa. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena, mnivumilie.

Nina rafiki Mhindi, nimwite Kusum. Tulipokuwa vijana mumewe alikuwa na duka la vitambaa jirani na nyumba yetu. Wao ni Wahindu wasiokula nyama, samaki wala yai tangu kuzaliwa. Kusum hakuwa anakula kwa mtu hapa mjini, maana sufuria ya Kilwa ambayo haijapikiwa samaki utaitoa wapi? Nikanunua mpya, nikaiweka kwa ajili yake peke yake, ndipo akaanza kula kwangu. Baadaye walihamia Dar es Salaam. Sufuria ile sijaipikia kitu kingine hadi leo.

Mwezi uliopita akanipigia simu kwamba anakuja kuniona, yeye na binti zake wawili. Tulijua wote kuwa anakuja kuniaga, ila hakuna aliyelisema. Nikataka ale kwangu mara moja tena, mlo kamili kama alivyonifundisha mwenyewe. Niliupanga nikiwa kitandani. Mbaazi za kutoka kijiji cha Miteja zipaazwe, zipikwe ule mchuzi wao wanaouita dali, ndizo za kujenga mwili. Wali wa bizari nyembamba na korosho, chapati chache tu. Viazi sikutaka, maana wanga ungezidi, kosa nililowakataza wanafunzi miaka yote. Bamia za kukaanga, biringanya, kachumbari, mtindi wenye tango wa kupoza pilipili, na achari ya embe kidogo pembeni.

Mikono ya kupika sina tena. Mpishi alikuwa mkwe wangu, nimwite Somoe. Huyu ndiye anayeniogesha na kunigeuza kitandani, na sijawahi kumsikia akiguna. Nilipomweleza mlo akasimama na kanga yake mkononi.

"Mama, watu watoke Dar mpaka huku waje wale mbaazi? Majirani watasema tumefulia."

"Hawali kiumbe, Somoe. Hata mchuzi wake."

"Hata samaki changu mmoja?"

"Hata mkia wake."

Akacheka. "Basi wanateseka, maskini."

Siku yenyewe mkeka ulitandikwa chumbani kwangu, nikaegemezwa mito, na uji wangu usio na chumvi mbele yangu. Kusum alikula dali, akaongeza, akaongeza tena. Binti zake wakawa wanatazamana, kwa sababu tangu afiwe na mumewe hakuwa akila vizuri.

"Mkwe huyu utamwachia nani?" akaniuliza. "Mimi namchukua awe mwanangu."

"Mchukue, ila anakoroma," nikasema.

Tukacheka wote. Kisha akachota kwenye sahani yake akanilisha. "Kijiko kimoja hakikuui, mwalimu."

Nilijua kabla sijameza. Mtu aliyezaliwa pwani hii haipotezi ladha ya uduvi, wale kamba wadogo wa baharini, uliokaushwa ukatwangwa. Nikamtazama Somoe. Alikuwa mlangoni, anatabasamu, anaangalia bakuli zilivyokuwa tupu. Nikameza. Nikasema, "Tamu."

Wageni walipoondoka nikamwita. "Umetia nini?"

"Kijiko cha uduvi tu, mama. Ilikuwa imepooza, nikaona aibu kwa wageni wako. Ule si samaki, ni kiungo."

Hakuwa anadanganya. Kwao uduvi hukaa kwenye kikopo karibu na chumvi na bizari, na mimi niliyefundisha lishe maisha yangu yote sikukumbuka kuutaja. Nilitaja nyama, samaki, yai na mchuzi. Nilipomfafanulia kwamba uduvi nao ni viumbe, wadogo tu, alikaa chini sakafuni.

"Kwa hiyo nimewalisha haramu yao?"

Nikamwekea mkono kichwani.

"Usimwambie, mama. Ameniita mwanawe."

Ningeliacha hapo nikafa nalo. Lakini Kusum alitoka kwangu akaenda Mtwara kwa ndugu zake, na juzi amepiga simu. "Shoga, Jumamosi nikirudi napitia kwako. Nataka Somoe anifundishe ile dali. Nimepika dali tangu msichana, haijawahi kuwa vile. Siku ile ndiyo nimeshiba tangu mzee wangu aondoke."

Jana Somoe alikuwa anaisugua ile sufuria kwa majivu mara ya pili. Akaniuliza bila kuinua uso, "Jumamosi nitie au nisitie?"

"Usitie. Hilo halina mjadala."

"Na akiuliza ladha imekwenda wapi?"

Niligeuza uso ukutani.

Nikimwambia Kusum, namnyang'anya shibe ile moja aliyoipata, na atarudi Dar akijua kwamba nyumba aliyoiamini kuliko zote ndiyo iliyomlisha asichokula. Somoe ataendelea kuniogesha akiwa na aibu mikononi. Nikinyamaza, rafiki yangu ataondoka akiwa bado ananiamini, na mimi nitakuwa najua. Wengine mtaniambia nimwachie Mungu. Kwake ndiko ninakokwenda, wanangu, na sipendi kufika na jambo ambalo ningeweza kulisema nikiwa bado na sauti.

Jumamosi ataonja, ataweka kijiko chini, atanitazama. Nishaurini, nimwambie nini?