Tema Kwanza, Ndipo Uguse Mgonjwa

Yule mwanamke aliyewatemesha manasi maji kabla hawajamgusa mgonjwa amefariki kwao Bura, na juzi tumemzika. Habari niliipata kwa mjukuu wangu. Alinipigia simu kisha akazungukazunguka, kama wafanyavyo watu wa siku hizi wakidhani mzee ataanguka akiambiwa ukweli. Nikamwambia, "Sema. Amekufa nani?" Akasema, "Nyanya, ni yule bibi wa kitabu changu." Kitabu anachosema ni tasnifu yake ya digrii ya pili, ya uongozi na usimamizi wa huduma za afya, ambayo ilikuwa imetoka kutiwa jalada wiki hiyo hiyo. Ninyi msomao safu hii mmechoka kunisikia nikimsifu mjukuu huyu. Basi chokeni tena. Mimi niliacha shule pale Wusi nikiwa najua kusoma Injili na kuandika jina langu, mengine nimejifunza ukubwani kwa ubishi. Leo nina mjukuu aliyeandika kitabu kizima chenye jalada gumu, na mimi nimo ndani yake, nimelala kitandani na tumbo kubwa kama mtungi.

Tumbo lenyewe lilikuwa la mama yake. Miaka ile ya hamsini mume wangu alikuwa kibarua wa reli pale Voi, nami nilikuwa nimeshuka kutoka milimani kumfuata, nikalikuta joto lililoninyonya kama mbu. Uchungu uliponishika akanipeleka hospitali ndogo ambayo sitaitaja. Marehemu ndiye aliyekuwa mkubwa wa manasi wa wadi ya wanawake, mfupi, mweusi wa kung'aa, aproni yake imepigwa pasi hadi inakata. Chini yake walikuwa manasi wawili, mmoja Mdawida wa milimani kama mimi, mwingine binti wa Kiislamu wa pale pale Voi. Na hao wawili walikuwa hawasemezani. Yule wa Voi alikuwa amesema kwamba watu wa milimani huoga mvua ikinyesha tu. Mwenzake akamjibu, "Na ninyi mnaoga maji ya mto tuliokwisha kufulia sisi huko juu." Basi, vita. Uchungu wangu ulikuja, ukasimama, na mimi pale kitandani nilisikia yote.

Yule Mdawida, aliyekuwa akinihudumia, alimwambia mama mfagiaji wa wadi, "Mama, mwambie yule aliyevaa ufunguo wa kabati kama hirizi kwamba nataka mkasi." Mama wa watu akaenda na ufagio wake hatua tatu, maana mwenye ufunguo alikuwa hapo hapo. Akarudi na jibu, "Anasema mkasi hauna miguu, wewe unayo." Ningekuwa mzima ningecheka. Lakini nilikuwa mtoto wa Kidawida, nimelelewa kujua kwamba hasira ya mtu ikikaa moyoni inaweza kumfunga mwingine asizae, mvua isinyeshe, ng'ombe asitoe maziwa. Waswahili husema hasira hasara. Kwetu ni ugonjwa kabisa. Nikajishika tumbo nikasema moyoni, hawa wawili wataniulia mwanangu kwa ajili ya maji ya kuoga.

Marehemu alikuwa upande wa pili akifunga mtu kidonda. Akamaliza, akanawa mikono taratibu, akachukua bakuli la maji akaja nalo. "Hakuna mkono wenye hasira utakaomgusa huyu," akasema. "Temeni." Yule Mdawida alielewa upesi, kwa kuwa ni mambo ya nyumbani. Tunaita kutasa: mtu hujaza maji kinywani, au pombe ya muwa kwa wazee, akayapuliza nje huku akisema maneno ya kuuachilia moyo. Yule wa Voi akarudi nyuma. "Mimi? Sitemi maji ya mizimu yenu, dada." Marehemu hakupandisha sauti. "Udhu unatia?" "Natia." "Husukutui?" "Nasukutua." "Basi sukutua, useme na Mungu wako. Sikukuuliza anaitwaje." Binti akamtazama, akanitazama mimi, akachukua maji. Wakapuliza wote wawili mlangoni. Mmoja akasema, "Kama nilikuwa na hasira, ipoe." Mwingine akasema, "Ipoe. Lakini na yeye ameniudhi." Marehemu akamwambia, "Hiyo bado imo. Tema tena."

Mwanangu alipotoka alikuwa na kitovu shingoni, wa buluu, kimya. Sitaki kurefusha. Mmoja alishika kichwa, mwingine akawa tayari ana mkasi mkononi kabla hajaombwa, nikawasikia wanaitana "dada, shika hapa, dada, geuza." Kisha mtoto akalia. Hakuna aliyekwenda kumtafuta mama mfagiaji apeleke salamu. Najua wapo watakaosema ni mkasi uliomwokoa wala si maji. Ni kweli, ni mkasi. Nauliza tu, mkasi ungefikaje?

Baada ya hapo marehemu akaifanya desturi, kila zamu zinapobadilishana, wanaotoka na wanaoingia wanasimama mlangoni na maji. Nilikuwa bado nimelazwa siku sista Mzungu, aliyekuwa mkubwa wao wote, alipowafumania wamevimbisha mashavu. "Nini hii? Nyinyi wote koo nauma?" Marehemu akameza yake, akajibu kwa heshima, "Ndiyo, sista. Kuna vitu vinakwama kooni." Sista akafurahi kweli kweli kuona Waafrika wanaojali usafi wa koo, akaagiza jagi la maji ya chumvi liwekwe mlangoni kila asubuhi. Hivyo hasira za wadi ile zikawa zinatemwa kwa chumvi ya hospitali, kwa amri ya sista.

Miaka ikapita, mtoto wa buluu akakua, akazaa huyu msomi wangu. Mwaka jana msomi akakwama. Msimamizi wake chuoni alikuwa amemrudishia sura nzima na swali moja: ushahidi uko wapi? Mjukuu akakasirika, akazifungia karatasi sandukuni, akasema anaacha, profesa ana chuki naye. Kazi ya miaka miwili ilikuwa inaoza hivyo. Nikampeleka Bura kwa marehemu, ambaye tulikuwa tunatembeleana naye tangu zamani. Bibi hakuwa akiona vizuri tena, ila alimshika mkono akaniuliza, "Huyu amembeba nani shingoni?" Nikasema, "Profesa." "Leteni maji." Mjukuu akacheka, "Bibi, mimi nina digrii." "Digrii haizibi mdomo. Tema." Akatoka nje akapuliza kwenye migomba, akaanza kwa mzaha, akamaliza analia.

Aliporudi ndani akamuuliza bibi swali lile lile la profesa: alijuaje kwamba maji yale yalisaidia? Mimi niliona ni utovu wa adabu. Bibi alilipenda. "Nilijua kwa masikio," akasema. "Wadi yenye hasira unasikia vyombo vinabamizwa. Ikipoa unasikia watu wanaitana. Lakini hayo ni masikio yangu tu. Wewe nenda kaulize wengi." Akaenda. Akakaa kwenye wadi za leo zamu zikibadilishana, akasikiliza nani anamwambia nani nini, na nani hamwambii mwenzake, akaandika sura ile upya. Profesa akaipitisha. Tena mjukuu anakiri kwamba swali lilikuwa la haki, hasira tu ndiyo ilikuwa imemziba asilisome.

Juzi kaburini alikuja na kitabu kifuani, maana alikuwa amepanga kumsomea bibi Jumamosi hiyo. Mchungaji akasimama, akasema marehemu alikuwa mcha Mungu, alilima vizuri, na "zamani alisaidia saidia hospitalini". Alisaidia saidia! Mtu aliyeongoza wadi! Damu ikanipanda, nikashika fimbo niinuke nimwambie mbele ya watu wote. Mjukuu wangu akanipa chupa ya maji.

Nikayazungusha kinywani kwa muda mrefu, jino na jino, nikayapuliza kwenye udongo uliofukuliwa, nikasema, "Ipoe." Ndipo nikainuka, nikaomba nafasi kwa adabu, nikawaeleza waombolezaji kazi ya mwanamke yule, na mchungaji mwenyewe akawa wa kwanza kuitikia. Ningesema na hasira, wangekumbuka fimbo yangu. Mwenye kuongoza watu, iwe wadi, iwe shule, iwe sufuria za harusi, namwachia neno hilo moja la marehemu: tema kwanza. Na ukijiona bado unasema "lakini na yeye", hiyo bado imo. Tema tena.