Salamu za Dirishani

Mara ya kwanza Sabiha alipoingia benki, alivua kandambili mlangoni. Sakafu ilikuwa imesuguliwa iking'aa, na kwao Majengo mtu hakanyagi pasafi namna ile na viatu. Waliokuwa kwenye foleni walitazamana. Karani wa dirishani, mama mmoja aliyehamishiwa Dodoma kutoka Bukoba, jina lake Frida, akamwambia taratibu, "Vaa, mdogo wangu, hii saruji itakupa mafua." Wakacheka wote wawili, na mazoea yakaanzia hapo.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, na yeyote mwenye mtaji kidogo aliweza kununua mazao kijijini. Sabiha alinunua karanga Haneti akaziuza mjini. Baba yake mdogo, Abdulswamadu, aliyemlea, alikuwa mfanyabiashara mwana wa mfanyabiashara, na fedha zake zililala kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Benki, alisema, ni ya watu wa serikali. Mtu wa Majengo huingia humo akijiandaa kwenda Hija, tena kwa kanzu ya Idi.

Sabiha aliingia kila wiki akitoka mnadani, vumbi la karanga likiwa bado kwenye khanga. Alichoweka kilikuwa kidogo, siku nyingine kidogo hata akaona haya. Riba aliwaambia haitaki, nao wakaliheshimu hilo. Alimwuliza Frida hali ya watoto, Frida akamwuliza mvua za Haneti. Nyumbani wakamtania kwamba bibi harusi wa benki amerudi, naye akawaacha waseme.

Mwaka mmoja karanga zilizaa kupita kiasi, bei ikaanguka, Sabiha akabaki na ghala limejaa. Novemba ikaingia. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Ihumwa, na bati la ghala lilikuwa limeliwa na kutu. Karanga zikilowa huota ukungu, na zenye ukungu hazina mnunuzi. Mtaji wake wote ulikuwa mle ndani.

Ndipo akaja Silvano, mnunuzi wa kiwanda cha mafuta cha Morogoro, na lori lake. Alitaka karanga zote atakazopata, ila alilipa kwa hundi. Wenye maghala wakamgeuzia mgongo, maana msimu uliopita mtu mwingine aliwaachia karatasi kama ile, akaenda na mzigo wasimwone tena.

"Mwanangu," Abdulswamadu alimwambia Sabiha, "afadhali zioze unaziona."

Sabiha alimwomba Silvano asubiri, akaichukua hundi hadi dirishani. Kwa kawaida hundi ya mji mwingine ilichukua wiki kadhaa kujulikana kama ina fedha, na mvua isingengoja. Frida aliigeuza, akamtazama Sabiha usoni, kisha akamwingiza kwa meneja, mlango ambao mtu asiyejulikana hakuupita kirahisi. Meneja alimfahamu binti huyu wa kila wiki. Akapiga simu tawi la Morogoro. Ikakatika. Akapiga tena, huku Sabiha amekaa ukingoni mwa kiti, mikono ameikunja ndani ya khanga.

"Hundi ni nzima," meneja alisema mwishowe. "Wenzetu wa kule wamezishikilia fedha kwa jina lako. Kapakie."

Lori liliondoka alasiri. Magharibi mvua ikashuka, ikapita kwenye matundu ya bati na kuangukia sakafu tupu. Sabiha aliisikiliza akinywa chai, moyo umetulia. Kwenye ghala lake la jirani, Abdulswamadu alikuwa akihangaika kufunika magunia yake kwa turubai. Alipomaliza, akaja kusimama mlangoni, kanzu imelowa.

"Yule mtu wa kiwanda atarudi?"

"Wiki ijayo, ba'mdogo."

Akakamua pindo la kanzu. Jina lake lilijulikana kuanzia Majengo hadi Msalato.

"Nikienda huko benki, niseme mimi ni nani?"

Sabiha alimmiminia chai kwanza.

"Sema wewe ni baba yake mdogo Sabiha."

Mzee akacheka kwa pua, akakipokea kikombe, akaketi.