Tezi Iliyoota Mbali na Shingo

Kwa miezi mitatu wateja walinipa hongera. Nilikuwa nauza vifungo, zipu na nyuzi kwenye duka dogo Kariakoo, na mafundi cherehani waliona tumbo limechomoza chini ya dera. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kila mmoja kwamba mimi ni mjane. Niliitikia, "Asante," nikawapimia zipu zao.

Mama yangu ndiye aliyenipeleka hospitali. Picha ilionyesha uvimbe, nikafanyiwa upasuaji, wakautoa pamoja na ovari ya kushoto. Majibu ya maabara yalichukua wiki kadhaa. Daktari, binti mdogo kuliko mimi, aliyasoma mara mbili kabla ya kusema.

"Mama, ndani ya ovari yako kumekutwa nyama ya tezi ya shingo."

"Imefikaje huko?"

"Haikutoka shingoni. Kuna uvimbe wa ovari ambao unaweza kuota hata nywele na meno. Wako umeota tezi. Ni nadra sana, mimi mwenyewe nilikuwa nimeusoma tu vitabuni."

Alisema baadhi ya chembe zilikuwa za saratani, kwa hiyo nisiache kurudi kliniki. Nilirudi mwaka mzima. Kisha nikajiona mzima, duka likanishika, nikaacha.

Siku moja nilinyanyua katoni ya nyuzi, nyonga ikaniuma nikashindwa kusimama wima. Yule yule daktari alinipokea, wala hakunigombeza. Ile tezi ilikuwa imesambaa hadi kwenye mfupa wa nyonga.

Tiba ilikuwa kunywa iodini yenye mionzi. Lakini kwanza ilibidi nitolewe tezi ya shingoni, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Nilipomwambia mama, aliweka kikombe chini.

"Shingo yako ina kosa gani?"

"Haina, mama. Tezi hufyonza iodini. Wakiiacha hii ya shingoni, itaifyonza dawa karibu yote, ile ya kwenye mfupa isipate kitu."

Alinitazama shingo kana kwamba anaiaga.

"Basi waitoe," alisema. "Uji nitapika mimi."

Baada ya kunywa dawa nilikaa siku kadhaa peke yangu chumbani, nisiguswe na mtu. Muuguzi alimruhusu mama kusimama mbali kidogo na mlango, na kila alasiri alinipa habari za mtaa kwa sauti ya juu: nani kaposwa, nani kahama, nani kanuniana na nani. Mle ndani nililia mara moja tu, alipokuwa akinisimulia harusi, na sidhani kama alisikia.

Dawa hiyo niliinywa mara mbili. Sasa kila asubuhi nameza kidonge cha kushika nafasi ya tezi ya shingoni kabla ya chai, na nitakimeza maisha yangu yote. Kwenye picha, doa la nyonga limefifia, ingawa halijaisha. Dukani naenda kwa miguu, napita Mnazi Mmoja polepole, na nyonga ikianza kuuma nakaa kwenye benchi la muuza kahawa mpaka itulie.