Siku Bibi Alipozima Boila ya Kanisa

Jumapili iliyopita niliingia tena katika kanisa letu la zamani huku ughaibuni, pale North Buffalo, nikavua koti mara moja. Joto lilikuwa zuri, ila kimya mno. Ndugu yangu, wewe hukuyasikia mabomba yale ya zamani ya kupashia joto. Yaligonga katikati ya sala kama mtu anayebisha hodi, mchungaji ananyamaza, sisi watoto tunabana vicheko.

Kanisa lilikuwa la Wazungu, jengo la mawe la enzi za mababu zao. Sisi Warundi tuliotoka kambi za wakimbizi Tanzania walitupa saa za mchana. Baada ya ibada mimi na bibi ndio tuliofagia. Jikoni bado kulinukia chai ya tangawizi, na huko chini boila, mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha jengo joto, ilinguruma. Bibi hakuipenda hata kidogo. Kule kambini jiko moja lililosahauliwa liliteketeza nyumba za nyasi mtaa mzima, kwa hiyo kwake ilikuwa amri: moto hauachwi peke yake. Jumapili moja ya baridi kali, tukiwa kwenye ngazi za kushukia huko chini, akaizima kwa swichi nyekundu ya ukutani. Nilimwona. Nilikuwa na miaka kumi, nikaona sawa tu. Nani huondoka akaacha jiko linawaka?

Jumanne shule zilifungwa kwa theluji. Mama Mzungu aliyetunza kanisa akatupigia simu, maana wakubwa wetu wote walikuwa kazini, ghalani na viwandani. Tulikuta boila imepasuka, maji yameganda sakafuni. Fundi alisema kuna mtu aliizima, maji yakaganda ndani na kuipasua. Mzee wa kanisa lao, uso umemwiva kwa hasira, akaniambia nimuulize bibi. Kama ni watu wetu, basi tutafute pengine pa kusalia.

Nikamtafsiria. Bibi hakusita.

"Waambie ni mimi," alisema. "Waambie naomba msamaha."

Niliwaza kwaya yetu, harusi ya dada iliyokuwa imekaribia, bibi kunyooshewa vidole na waumini wote. Nikageuka, nikasema kwa Kiingereza kwamba bibi anasema hakuna aliyegusa kitu, na kwamba anawapa pole sana.

Mzee akashusha pumzi. Fundi akakuna kichwa, akasema kwa uzee ule huenda ilijizima yenyewe. Mama Mzungu alipoyaona machozi ya bibi, akamkumbatia, na bibi akalia kwa sauti begani mwake. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wakafunga mtambo mpya, tukabaki. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha utu uzima, na sijivunii. Kila mgeni alipokuja nyumbani, bibi alimsimulia jinsi Wazungu wale walivyomsamehe palepale, bila kumuuliza neno la pili. Nami roho ilikuwa juujuu, nikihofia kwamba siku moja mtu atayafikisha maneno hayo kwao kwa Kiingereza. Hakuna aliyeyafikisha. Bibi alikufa na amani ile, akazikwa na msamaha ambao hakuna aliyempa.

Mama Mzungu naye ameshatutoka, na yule mzee pia. Jumapili hiyo iliyopita, ibada ilipokwisha, nilibaki nimekaa kwenye benchi, nikitazama uso mmoja baada ya mwingine, nikitafuta wa kumwambia ukweli. Sikumwona hata mmoja aliyekuwepo siku ile.