Moshi wa Andongwisye

Andongwisye wa Isongole alilima viazi miaka arobaini, na kila mwezi wa sita, baridi ikianza kuuma, aliwasha majani mabichi kando ya shamba ili moshi ulikinge na sakitu. Sakitu ni ile barafu nyembamba ya alfajiri. Ikigusa jani la kiazi, kufika mchana jani limekuwa jeusi. Moshi, alikuwa akisema, ni blanketi. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake.

Bintiye Lusungu alisomea mambo ya sayari chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, ambao umefunikwa na ukungu wa rangi ya chungwa siku zote. Mwaka jana alikuja likizo akamkuta baba anakusanya majani. Shamba lile lilikuwa la mbegu ya msimu ujao. Mbegu nyingine haikuwepo. Akamweleza taratibu kwamba ardhi hutoa joto lisiloonekana kwa macho, wasomi huliita infraredi, na chembe za ukungu wa kule ni ndogo mno kulizuia. Linapenya, linakwenda zake. Kinachozuiwa ni mwanga wa jua, basi ukungu wenyewe ndio unaozidisha baridi.

"Na moshi wako ni hivyohivyo, Tata. Tufunike matuta kwa nyasi kavu."

"Wewe umefika huko mwezini?"

"Sijafika."

"Mimi, hapa shambani, nimefika."

Tuliokuwepo tulicheka, nami mpita njia niliyekaribishwa ndizi nikiwemo. Lusungu hakucheka. Alifunika matuta matatu peke yake, na kesho yake akapanda bodaboda akaondoka bila kuaga.

Siku ya tatu, nikiwa bado mgeni wao, sakitu ilishuka. Kulipokucha moshi ulikuwa umelala juu ya shamba, jua likionekana kama sahani ya bati, na chini yake matuta meupe. Mchana yote yalikuwa meusi, isipokuwa yale matatu.

Nilimwambia Andongwisye ampigie simu mtoto. Aliitoa mfukoni, akaishika, akairudisha.

"Nitaanzaje, mwenzangu?"

Mwaka huu nimepita tena. Shamba amelikodisha. Amebaki na matuta machache nyuma ya nyumba, ya mbegu ileile iliyopona, ameyafunika nyasi nene. Aliniuliza kama huko nilikopita nimesikia habari za Lusungu.

Sikuwa nazo.