Baiskeli za Tambarare

Harufu ya mpira unaoungua hunirudisha kijijini kwetu Kinole moja kwa moja. Wengine utoto wao unanukia pilau. Wangu unanukia katambuga ya baba ikisuguana na tairi la mbele, baiskeli imesheheni mikungu ya ndizi, mteremko mkali, na breki za chuma zimekwisha kusalimu amri. Kwetu milimani mguu ndio ulikuwa breki. Asiyeliweza hilo hatukumhesabu kuwa mwendesha baiskeli.

Basi mjomba wangu, kaka yake mama, aliyehamia Tanga zamani, kila akija kututembelea alituletea sifa za baiskeli za huko. Barabara tambarare, upepo wa bahari unampoza mtu, na kila mmoja anaendesha: wazee wanakwenda msikitini, akina mama sokoni na mabuibui yao, hata mashehe. Tulimsikiliza kwa adabu, maana kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye watoto, kisha tukaenda kumcheka nyuma ya nyumba mpaka mbavu zikauma. Baiskeli isiyojua mlima ina tofauti gani na kitanda? Baba alisema watu wa pwani hawaendeshi, wanabembea tu.

Kumbe mjomba alikuwa na lake. Goti la baba lilikuwa limeanza kuvimba, kwani kila alipoteremka na ndizi kwenda sokoni Mkuyuni ilimbidi apande tena, na kupanda kwetu ni kusukuma. Mjomba alitaka tuhamie kwake, baba akachuuze ndizi mitaani kwa nafasi yake.

“Shemeji, kule baiskeli itakubeba,” alimwambia siku moja baada ya chakula. “Huku wewe ndiye unayeibeba.”

Baba alikung’uta vumbi kwenye katambuga yake. “Wanaobebwa ni watoto wachanga,” akasema.

Mama hakuinua kichwa, aliendelea kumenya ndizi za kesho. Mimi nilimwona baba shujaa, nikamdharau mjomba pamoja na bahari yake.

Leo naishi Tanga. Ndoa ndiyo iliyonileta. Jioni nawaona wazee wa umri wa baba wakipita na baiskeli zao, kanzu wamezibana kwa vibanio vya nguo, kikapu cha samaki mbele, wanasalimiana bila hata kuhema. Bado nawadharau, sifichi. Hakuna hata mmoja wao ambaye angefika Mkuyuni mzima.

Lakini wanakwenda msikitini wenyewe. Nilipokuwa mtoto nilidhani mlima unatufanya watu wa maana kuliko wengine, sikuona kwamba ulikuwa unamla baba goti. Baiskeli yake sasa imeegemezwa ukutani huko Kinole, kuku wanalala juu yake. Ijumaa mjukuu wake humbeba mgongoni mpaka msikitini, na mama ananiambia kwamba njia nzima mzee hufumba macho.